Mnauziwa Gorila kwa Bei ya Mzungu na Mnapiga Makofi

Leo hakuna umbea wa nani kaachika wala nani kahongwa gari. Leo tunaongelea hela zenu, maana naona zinaliwa mchana kweupe na nyie mnaweka viemoji vya moto.

Zamani staa wa Mwanza akitaka tujue kuwa anazo, alipiga picha Jiwe la Bismarck jua linazama, basi, yakaisha. Siku hizi fasheni ni gorila. Mdada mmoja mwenye wafuasi kibao, hamhitaji nimtaje, karusha bango lake: msitu wa kijani, dume la gorila limekunja uso, yeye katikati kavaa buti mpya. Chini kaandika: "Twende tukawaone gorila, nafasi 12 tu, wiki hii ya mwisho wa mwezi. BEI NJOO DM."

Wadau watatu walioenda huko DM wamenitumia picha za skrini. Watatu wote wametajiwa bei tofauti, kwa safari ileile, tarehe ileile, basi lilelile! Aliyeweka picha ya profaili yuko Dubai katajiwa bei ya juu kuliko wote. Kinachonikera zaidi ni kwamba kwenye mchanganuo wa wote watatu kuna mstari mmoja unaofanana: "Kibali cha gorila: dola 800."

Hapo ndo nikasema hapana. Hili tuliongee.

Tuanze na hesabu ambayo hawataki muijue

Gorila wa milimani wanapatikana sehemu mbili tu duniani. Moja ni msitu wa Bwindi, Uganda. Nyingine ni milima ya Virunga, ambako Uganda, Rwanda na Congo zinapakana. Basi. Sensa iliyotolewa 2019 ilihesabu gorila 1,063 kwa sehemu zote mbili. Wanafunzi wa shule moja kubwa ya kata hapa mjini wanaweza kuwazidi.

Tanzania hatuna gorila porini. Hata mmoja. Tunao sokwe, Gombe na Mahale kule Kigoma, na hapa kwetu ziwani kisiwa cha Rubondo. Sasa kuna kaka mmoja mwanamuziki kaposti sokwe mweusi kakaa juu ya mti na kuandika "nipo na gorila wangu". Kaka, huyo ni sokwe. Na wewe uliyecomment "hongera bro umefika Bwindi", rudi darasani.

Kumuona gorila lazima uwe na kibali cha siku hiyo. Kwa Uganda, kibali kinatolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ile UWA. Kwenye bei zilizoanza Julai 2024, mgeni kutoka nje ya Afrika anayekuja kutalii analipa dola 800. Hiyo ndo namba mdada wetu kaichukua na kuibandika kwenye bango.

Ila kwenye karatasi hiyohiyo ya bei kuna mstari mwingine. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za UGANDA.

Soma tena taratibu. Laki tatu za Uganda. Kwa kubadilisha fedha kwa viwango vya karibuni ni kama laki mbili na kidogo za kwetu. Dola 800 ni karibu milioni mbili za kwetu. Gorila ni yuleyule, msitu uleule, saa moja ileile ya kukaa naye. Tofauti ni kama milioni moja na laki nane kwa kichwa. Zidisha mara watu 12 wa kwenye bango. Ni zaidi ya milioni 21.

Sasa jiulize hiyo milioni 21 inaenda wapi. Serikali ya Uganda haiipati, kwa sababu mkifika na pasipoti za Tanzania mtaandikiwa kibali cha mwana-Jumuiya. Na gorila haimfikii hata senti.

Nyie siyo wageni

Hili jambo watu wa Mwanza tunalijua vizuri kuliko mtu yeyote. Toka hapa mpaka geti la Ndabaka kuingia Serengeti, Mtanzania analipa kwa shilingi, elfu kumi na kitu. Mzungu aliyesimama nyuma yako analipa kwa dola, tena nyingi. Hakuna mtu angekubali mwenye gari amwambie, "Serengeti kwa wewe ni dola sabini." Ungemcheka, ungeshuka, ungepanda gari lingine.

Lakini ukivuka tu Mutukula akili inahama. Mtu anaona msitu, anaona neno "dola", anaamini huko ni ulaya. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha! Mkataba wenyewe ulisainiwa Arusha Novemba 1999. Alafu mtu wa kutoka nchi iliyoupokea mkataba ule analipishwa bei ya mtalii wa Marekani, na anayemlipisha ni Mtanzania mwenzake, tena jirani yake wa Igoma. Inauma.

Rwanda nako ni vilevile. Mei 2017 walipandisha kibali kutoka dola 750 mpaka dola 1,500 kwa wageni, na ndo bei inayosambaa kila mtandao. Lakini Rwanda nayo imekuwa na bei maalum kwa wananchi wa Jumuiya, ya chini mno ukilinganisha na hiyo. Akikutajia 1,500 bila kukuuliza uraia wako, ujue unaongea na mtu asiyejua kazi, au anayeijua kupita kiasi.

Watakwambia hivi, na majibu yake ni haya

Najua machawa watakuja mbio. Nawaandalia majibu kabisa.

"Kampuni ina gharama, kuna gari, dereva, mafuta, loji, chakula." Kweli kabisa, na sina ugomvi na mtu kula jasho lake. Andika gari shilingi ngapi, loji shilingi ngapi, na faida yako shilingi ngapi. Ukitaka laki tano ya kunihudumia, sema laki tano, nitaamua mwenyewe. Ila usiifiche faida yako ndani ya kibali alafu uniambie serikali ya Uganda ndo inataka. Huo ni uongo wenye risiti feki.

"Kibali cha bei ya wana-Jumuiya kina usumbufu." Usumbufu gani? Kinachotakiwa ni uthibitisho wa uraia. Unampa wakala nakala ya pasipoti, na siku ya siku unaenda na pasipoti yenyewe. Pasipoti unaihitaji mpakani hata hivyo. Usumbufu uko wapi hapo?

"Hela inaenda kwenye uhifadhi, wewe changia tu." Hii ndo inanichefua kuliko zote. Juni 2020, wakati corona imefunga utalii, dume maarufu la Bwindi lililoitwa Rafiki liliuawa kwa mkuki na mwindaji haramu. Aliyeua alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Askari wanaozunguka msituni na wafuatiliaji wanaoamka alfajiri kuwatafuta gorila wanategemea sana hela ya vibali. Ukilipa kibali halali cha laki tatu, hata kama ni kidogo, umechangia. Ukimpa mtu milioni mbili na yeye akanunua kibali cha laki mbili za kwetu, umechangia buti zake mpya. Kutumia jina la mnyama aliye hatarini kujaza mfuko wako, alafu ukajiita balozi wa mazingira, ni aibu.

"Kama huna hela nyamaza, hizi siyo safari za watu wa hali ya chini." Ooh, hapa ndo penyewe. Hii sentensi ndo inayofanya biashara yote iende. Vijana mnaona aibu kuuliza bei kwa sababu mnaogopa kuonekana hamna. Bei inafichwa DM ili kila mtu apimwe peke yake, asijue mwenzake katajiwa ngapi. Muuza dagaa wa Kirumba anataja bei yake kwa sauti mbele ya watu wote. Mwenye kampuni ya utalii anashindwa nini?

Nafasi 12, wikiendi moja?

Turudi kwenye lile bango, maana limejaa viroja.

"Watu 12 tutawaona gorila pamoja." Haiwezekani. Familia moja ya gorila inatembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja tu. Kumi na wawili lazima mgawanywe familia mbili tofauti. Anayejua kazi angekwambia hilo mapema. Anayesubiri mjue mkiwa msituni ndo wale ambao wachumba wawili wanajikuta kila mmoja kapangiwa upande wake, wakati walienda kwa ajili ya picha ya pamoja.

"Tunaondoka Ijumaa jioni, Jumapili tupo Mwanza." Kwa basi? Ni kweli daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na tumeachana na foleni ya kivuko, Mungu ashukuriwe. Ila baada ya Busisi kuna Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba, mpaka wa Mutukula, Masaka, Mbarara, Kabale, alafu milima. Ni zaidi ya kilometa 800 kwenda tu. Maelekezo ya kuingia msituni yanatolewa asubuhi mapema, na kuwatafuta gorila kunaweza kula saa moja au siku nzima, kwenye utelezi na mteremko. Anayekuuzia hii kama wikiendi hajawahi kufika, au anajua utafika umechelewa na kosa litakuwa lako.

"Kibali utapewa ukifika." Hii kaisema MC mmoja maarufu wa harusi za hapa mjini, ambaye naye kageuka wakala ghafla. Vibali vina idadi, vina tarehe, na miezi ya kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba, watu wa dunia nzima wanavigombania na kuvikata mapema. Kwenda Bwindi bila kibali ni sawa na kwenda uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga ukitegemea tiketi utaikuta mlangoni.

Na yule anayewauzia upande wa Congo "kwa bei ya kutupa", muogopeni kama ukoma. Goma, mji ulio mlangoni mwa hifadhi ya Virunga, ulichukuliwa na M23 Januari 2025. Mtu anayekupeleka likizo kwenye eneo la vita ili aokoe vidola viwili vitatu hakutakii mema, hata kama anakuita "my dear".

Ya kumuuliza kabla hujatuma hata shilingi

Nayaandika yote hapa ili mkanakili na kumtumia mtu yeyote anayewauzia hii safari. Awe staa, awe chawa, awe kampuni yenye ofisi ya vioo.

Kwanza, kibali changu ni cha bei gani, ya mgeni au ya raia wa Jumuiya? Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

Pili, kibali kina jina langu? Omba uone nakala yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, na eneo. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya kukiona, siyo kabla.

Tatu, eneo gani? Bwindi ina milango minne ya kuwafuata gorila: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Iko mbalimbali na barabara ni za milimani. Kuna watu wanakatiwa kibali cha Rushaga alafu wanalazwa Buhoma kwa sababu loji ilikuwa rahisi. Asubuhi wanaanza kukimbizana na barabara kwa masaa huku wenzao wanaingia msituni. Muulize: loji na kibali viko upande mmoja?

Nne, leseni iko wapi? Kampuni ya utalii ya Tanzania inatakiwa kuwa na leseni ya wakala wa utalii, ile watu wanaita TALA, ya Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na usajili wa BRELA. Kama atakukabidhi kwa kampuni ya Uganda mkivuka mpaka, taka jina la hiyo kampuni na uulize kama ina leseni ya Bodi ya Utalii ya Uganda. Wingi wa wafuasi siyo leseni. Tiki ya bluu siyo leseni.

Tano, hela inaingia akaunti ya nani? Kama ni jina la kampuni, sawa. Kama ni namba ya simu ya "meneja wangu", funga mazungumzo.

Sita, kanisomea masharti? Chini ya miaka 15 haruhusiwi. Mwenye mafua au homa haruhusiwi, kwa sababu gorila wanaambukizwa magonjwa yetu na mafua ya kawaida tu yanaweza kuwaua. Umbali lazima uachwe, hakuna kusogelea wala kushika. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano lazima uwe nayo kuingia Uganda. Anayekwambia "hayo tutayamaliza kulekule" anapanga kukuacha Mutukula unagombana na watu wa afya wakati basi linaondoka.

Na hilo la mafua nalisisitiza, maana kuna dada kaposti kwa fahari kwamba alikuwa anaumwa lakini "nilimeza dawa nikaingia hivyohivyo, kiongozi wetu kanificha". Watu elfu arobaini wamependa. Dada, ulibeba homa kwenda kwa wanyama elfu moja na kitu waliobaki duniani ili upate video ya sekunde kumi na tano. Na huyo kiongozi aliyekuficha ndo kabisa asipewe mteja mwingine, maana aliyevunja sharti hilo kwa ajili yako atavunja lolote.

Mnaweza bila wao

Kitu ambacho hawa mapromota hawapendi kukisikia ni kwamba UWA wanatangaza bei zao hadharani, na ofisi yao kuu ipo Kampala, Kamwokya. Unaweza kuwaandikia mwenyewe ukauliza tarehe na bei ya raia wa Jumuiya. Bei hubadilika kila baada ya muda, kwa hiyo hata hizi nilizoandika zihakikisheni siku mnayopanga safari. Mkiwa watu wanne wenye akili timamu, mnaweza kuomba vibali vyenu, mkapanda basi la Bukoba, mkakodi gari Kabale. Siyo lazima kila mtu afanye hivyo. Kampuni nzuri zipo na zinaokoa usumbufu mwingi, na zinastahili kulipwa vizuri. Lakini ukishajua bei ya kibali unaenda mezani kama mteja, na hutakubali kupangiwa.

Na kama mfuko haujafika huko, msidanganywe kuwa hamjatalii. Saanane ipo hapohapo mjini, dakika chache kwa boti, na ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Rubondo ina sokwe ambao babu zao waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya miaka ya 1960 na kuachiwa msituni, wakajifunza upya kuishi porini. Hiyo stori peke yake inatosha kupanda boti. Wengi wenu mmezaliwa Mwanza na hamjakanyaga hata Saanane, alafu mnakopa kikoba kwenda kumlipa staa dola 800 za uongo.

Kwa mdada wa bango: najua utasoma hii, marafiki zako watakutumia kabla sijanywa chai. Sina chuki na wewe. Una watu wanaokuamini, na ungeweza kuwa wa kwanza hapa mjini kuweka bei wazi: kibali laki tatu za Uganda, usafiri hivi, malazi hivi, faida yangu hivi. Ukifanya hivyo nitalirusha bango lako mimi mwenyewe, bure, tena kwa herufi kubwa. Ukiendelea na "njoo DM", tutaendelea kutumiana picha za skrini.

Na kwa wadau: ukishatajiwa bei, iweke kwenye grupu lenu kabla hujalipa. Kila mtu aweke ya kwake. Mkikuta zinatofautiana, mtajua mnachezewa, na mtakuwa bado na hela zenu mfukoni.